Msiba Ulioisha Kabla Hatujafika

Ndugu zangu wa safu ya vitenge pale sokoni, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza Kigoma kulikuwaje, nami nawajibu "salama" kwa sauti ya mtu anayetaka ngumi. Mama Jeni akasema nimerudi na kisirani. Kweli, nimerudi nacho. Nimekaa nikaandika yote humu kwenye kundi letu ili nisisimulie mara kumi, maana kila nikisimulia damu inanipanda upya. Mambo ya tiketi na vibali nayaruka.

Kwanza mjue nilikuwa namfuata nani. Mama yangu mdogo, Bi Tatu, anaishi Rusimbi, Kigoma Ujiji, na maisha yake yote ameuza dagaa. Rafiki yake alikuwa Mrundi, Daforoza, muuza mawese wa kijiji kimoja cha ufukweni ng'ambo ya mpaka, ukishapita tu Kagunga. Wavuvi wetu wakikamatwa kule kwa kuvuka mpaka, Daforoza aliwapikia kila siku na kukaa mlangoni kwa askari na sufuria zake mpaka askari wenyewe wamchoke, wawaachie watu. Wavuvi wa kule wakikamatwa huku, Mama mdogo alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewalipa, na waume zao walikuwa wakiwagombeza.

Kisha Hamisi, mtoto wa Mama mdogo, akauawa ziwani na watu wa ng'ambo kwa ugomvi wa nyavu. Wakati huo walikuwa wakiishi Kagunga. Vijana wa upande wetu walishanoa mapanga, na boti zilishatiwa mafuta. Daforoza akavuka na wanawake wenzake, bila mwanamume hata mmoja, akaingia matangani, akavua viatu, akalala na mfiwa kwenye mkeka mmoja mpaka tukaanua tanga. Alimlilia Hamisi mpaka sauti ikamkauka. Nani angempiga panga mtu aliyelala hapo? Mapanga yalirudi kukata muhogo. Mambo hayo sikuyasikia kwa mtu, nilikuwepo.

Sasa Daforoza amefariki. Siku ya maziko Mama mdogo alikuwa hospitalini na homa kali, hakwenda. Alipopata nafuu akanipigia simu: "Njoo unipeleke."

Dodoma hadi Kigoma

Basi lilikuwa zuri, sina neno nalo. Mwenzangu wa kiti alikuwa binti wa Simbo, ana mtoto mgongoni na debe la maharage miguuni, akirudi kwao kutoka kwa shemeji yake. Tulishazoeana. Alinipa muhogo wa kuchoma, mimi nikambebea mtoto alipokuwa akila.

Tukafika kwenye kizuizi kimoja. Akapanda kijana wa ukaguzi mwenye miwani ya jua, akatupita wote mpaka kwa yule binti.

"Wewe Mrundi."

"Mimi Muha. Wa Simbo."

"Mbona unaongea Kirundi?"

"Naongea Kiswahili, kaka. Huko kwetu ndivyo tunavyokiongea."

Alikuwa na kitambulisho, akakitoa. Kijana akakigeuza huku na huku kana kwamba ni noti bandia. Kisha, jamani, akamwambia aimbe wimbo wa taifa. Binti akasimama na debe lake katikati ya miguu, akaanza kuimba kwa sauti ndogo, macho chini, na mtoto mapajani kwangu akaanza kulia.

Mnanijua. Nilisimama nikamwambia yule kijana: "Na wewe imba ubeti wa pili, tujue kama ni mwenzetu." Watu wakacheka. Hakuimba. Alichukua kitambulisho changu akashuka nacho, akatukalisha pale juani mpaka alipomaliza kunywa chai yake. Na abiria waliocheka ndio walionigeukia: "Dada, mdomo wako umetuponza." Mzee mmoja akasema watu wa mpakani lazima wakaguliwe. Nikamuuliza mpaka uko wapi hapo, maana tulikuwa bado na safari ndefu. Akajifunika kofia akalala.

Binti alipotelemka hakuniambia asante. Alinishika mkono tu akasema, "Mara ya tatu mwaka huu." Nililia kwa hasira mpaka Kigoma.

Rusimbi

Nilimkuta Mama mdogo amekaa barazani, amepungua mpaka kanga inamzunguka mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, alhamdulillahi. Kaa ule."

Ndani kulikuwa na mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo. Mnaosema samaki wa bwawani ni samaki, nyamazeni. Nilikula bila kuinua kichwa. Nilipomaliza ndipo nikauliza nilichokuwa nimekikalia tangu Dodoma.

"Mama, umeshamlilia?"

"Bado."

"Hata kidogo?"

"Nilipoambiwa nilikuwa na dripu mkononi. Nikakaza moyo. Yule alivuka maji kuja kunililia mwanangu, halafu mimi nimlilie kitandani nimegeukia ukuta? Nitamlilia kwake, mbele ya watoto wake, waone." Akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Ila tuwahi. Jumamosi wanaganduka."

Kuganduka ni kama kuanua tanga kwetu, ila Warundi wanafanya baada ya muda mrefu, na wanafanya kweli kweli. Ukoo unakusanyika, maneno ya mwisho yanasemwa, pombe inanywewa, na hapo msiba umefungwa. Baada ya hapo kumlilia marehemu nyumbani kwake ni mwiko. Anayelia anaita kifo kingine kwenye ukoo ule. Nilielewa basi kwa nini Mama mdogo hakuwa akilala vizuri. Akichelewa, machozi aliyoyatunza hayana pa kwenda.

Mimi nilitaka tupande boti ya abiria Ijumaa asubuhi, tulale Kagunga, Jumamosi tuamkie mlangoni kwa watu. Ndivyo mtu mwenye akili angefanya. Lakini Alhamisi jioni wakaja wageni wawili wa Kamati ya Tamasha la Ujirani, wamevaa fulana za bluu. Walikuwa wamesikia habari za Mama mdogo. Walimtaka Ijumaa pale Bangwe, kwenye tamasha la urafiki wa nchi jirani, apewe heshima. Na wana boti yao wenyewe, ya kasi. Baada ya chakula cha mchana itampeleka moja kwa moja Kagunga.

"Haisimami kila kijiji?" Mama mdogo akauliza.

"Haisimami, bibi."

Akatazama miguu yake, akakubali. Mimi nilinuna, lakini ningesema nini? Miguu ni yake.

Bangwe

Walimkalisha mstari wa mbele, upande wa jua. Mgeni rasmi alichelewa, na bila mgeni rasmi hakuna kinachoanza. Hema lilikuwa la wageni rasmi, viti vya hema vilikuwa vitupu, na Mama mdogo alikuwa juani. Nilimhamishia hemani mwenyewe. Kijana wa fulana ya bluu akaja kumrudisha. Nikamtazama tu, akaondoka.

Mwishowe wakaja, wakahutubia. Neno "ujirani" nilikuwa nalihesabu mwanzoni, nikaacha. Kisha mshereheshaji akamwita Mama mdogo jukwaani, na hapa ndipo naomba mnishike: akamtambulisha kuwa ni mama mkimbizi kutoka Burundi aliyepokelewa kwa ukarimu na Watanzania.

Mtu wa Ujiji! Aliyezaliwa Ujiji, bibi yake kazikwa Ujiji! Watu wakapiga makofi. Mama mdogo akasogea kwenye kipaza sauti ili aseme la kwake, mshereheshaji akamshika bega kwa upole akamgeuza kwa mpiga picha. Wakampa mwavuli wenye maandishi ya tamasha. Jua lilikuwa limeshamchoma kabla sijamhamishia hemani.

Mtu mmoja tu pale alimjua. Alikuwa kiongozi wa wapiga ngoma, Mrundi aliyekulia kambini. Wenzake walipokuwa wakifunga ngoma zao alikuja akapiga goti, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimiana watu wao wanapoheshimiana.

"Wewe ni Mama Dagaa," alisema. "Baba yangu alifungwa hapa Kigoma akala kwako. Mpaka anakufa alikuwa anasema, dagaa wa yule mama walikuwa na pilipili kupita kiasi."

Mama mdogo akacheka, mara yake ya kwanza tangu nifike. "Nilizitia makusudi. Mahabusu kuna baridi."

Boti sasa. Nilipokwenda kuitafuta niliambiwa imemchukua mgeni rasmi kwenda kutazama mandhari. Nikamtafuta mwenyekiti wa kamati. Alikuwa anakula.

"Mama avumilie kidogo," akasema. "Subira yavuta heri."

"Inamvutia mwenye boti," nikamjibu. "Huyu mama ana msiba unaofungwa kesho. Mlimwahidi."

"Dada, na sisi tuna ratiba."

Boti ilirudi jua limeinama na mafuta yameisha, na ya kununua mengine hayakuwa kwenye bajeti. Boti za abiria zilikuwa zimeshaondoka gatini Kibirizi. Nilisema maneno pale ambayo siyaandiki, kwa sababu Mchungaji naye husoma ujumbe wetu. Mwenyekiti alisema mimi ni mtu wa kuvuruga amani. Watu waliokula pilau kwa jina la urafiki wananiambia mimi ndiye ninayevuruga amani! Mama mdogo alinivuta kanga.

"Twende," alisema. "Kelele zako hazina injini."

Kibirizi hadi Kagunga

Jumamosi tulikuwa Kibirizi kabla ya wachuuzi. Boti ya abiria ya ziwa letu ni mtumbwi mrefu wa mbao wenye injini nyuma, unabeba kila kitu: magodoro, kreti za soda, sabuni, kuku, na watu juu yake. Nahodha alisema tunaondoka sasa hivi. Sasa hivi ya nahodha mnaijua. Alisubiri mpaka mtu wa mwisho amalize kujadiliana bei ya ndoo.

Tulipita milima ya Gombe, kijani mpaka majini. Wazungu wawili walitelemka pale kwenda kuona sokwe, na boti nzima ikawasubiri watafute kiatu kimoja kilichopotelea chini ya magodoro. Kila kijiji tulisimama, na kila tuliposimama watu walishuka hadi magotini majini, wakapokelewa, wakaulizwa habari za nyumba nzima, ukoo mzima. Siku nyingine ningesema huo ndio utu. Siku hiyo nilitaka kuwasukuma.

Karibu na Mwamgongo injini ikakohoa, ikazima. Nahodha akafungua kifuniko akatazama ndani kwa muda, kisha akasema lazima mtu aende nchi kavu kutafuta plagi. Nilimwambia kuwa mtu mwenye akili hubeba plagi ya akiba. Akaniambia plagi ya akiba ndiyo hii iliyokufa.

Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, ameshika mfuko wake wa sukari na sabuni za kupeleka kwa wafiwa, macho kaskazini. Mwanamke mmoja wa Kagunga akatupa dagaa wa kukaanga kwenye kipande cha gazeti, akamuuliza Mama mdogo kwa Kiha kama anaumwa. Akajibu haumwi. Nilimsikia anaendelea kwa Kiha, polepole, na yule mwanamke akaacha kutafuna. Kisha akasimama, akamgeukia nahodha, akamporomoshea maneno ambayo sikuyaelewa hata moja lakini niliyafurahia yote. Nahodha akajitupa majini akaenda mwenyewe kutafuta plagi, anaogelea na suruali.

Tulifika Kagunga saa za alasiri zikiyoyoma.

Ng'ambo

Kutoka Kagunga hadi kijijini kwa Daforoza ni kutembea kando ya ziwa na kuvuka kijito, ambacho ndicho mpaka wenyewe. Kwa miguu ya Mama mdogo ilikuwa kazi. Nilimwambia nimbebe, akasema yeye si godoro. Tulipokaribia migazi ya kwanza, ndiyo michikichi ya mawese, tulisikia watu wanacheka. Kicheko kikubwa, cha watu wengi, na mtu anaimba.

Mama mdogo akasimama pale pale njiani. "Wameshaganduka," akasema.

Uani kulikuwa na watu kama wa harusi. Katikati chungu kikubwa cha pombe ya mtama, wazee wamekizunguka kila mmoja na mrija wake. Binti mkubwa wa Daforoza, Spesiyoza, akaja mbio akamkumbatia Mama mdogo akimwita mawe, ndiyo kusema mama. Kaka yake, Nestori, akaleta kiti. Hakuna aliyetuuliza kwa nini tumechelewa, jambo lililoniuma kuliko lawama. Kisha Nestori akaweka kibuyu kidogo miguuni pa Mama mdogo, akachomeka mrija, akampa kwa mikono miwili.

Kwa Warundi kunywa pamoja si kukata kiu. Ukipokea mrija siku hiyo, umekubali kuwa msiba umeisha na huna neno moyoni na wenyeji. Ukiukataa, una neno.

Mama mdogo hakuupokea.

Mimi nikaingilia kwa haraka, nikidhani naokoa jahazi: "Samahani, yeye Mwislamu, hatumii pombe."

Nestori akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Dada, huyu tunamjua kabla yako. Hiyo ni umutobe, maji ya ndizi, hayajachachuka. Mama alikuwa anamkamulia yeye peke yake kila alipokuja. Leo nimekamua mimi." Akageuka kwa wazee akasema kitu kwa Kirundi, na nikasikia mmoja akitaja jina la Hamisi. Hapo nikaelewa wanachofikiri. Wanafikiri kwamba, kwa kuwa Daforoza ameshakufa, yule mama wa Tanzania amekumbuka damu ya mwanawe.

Nilitaka kupiga kelele. Niwaambie habari za mgeni rasmi na mandhari yake, na mwavuli! Miaka yote wanawake wawili wanashikilia kitu hiki kwa sufuria na dagaa, halafu kinaharibika kwa sababu mtu fulani alitaka kuzungushwa na boti.

Spesiyoza alichuchumaa mbele ya Mama mdogo. "Mawe, nini?"

"Sijalia," Mama mdogo akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mkinipa mrija nitakunywa, lakini sijamlilia mama yako. Nimekuja nayo machozi yangu yote. Na hapa kwako sasa ni mwiko, sitaki kukuitia kifo kwa watoto wako. Sijui niyapeleke wapi."

Spesiyoza akabaki amechuchumaa. Alitazama wazee, wazee wakatazama chungu. Kisha akasimama, akafunga kitenge vizuri, akachukua kasia lililoegemezwa ukutani.

"Njoo," alisema.

Tukashuka ufukweni, na nusu ya wageni nyuma yetu. Akamkalisha Mama mdogo mbele kabisa kwenye mtumbwi mdogo wa kuvulia, mimi akaniweka katikati, yeye akakaa nyuma. Akapiga kasia kuelekea kusini, kando ya nchi kavu, akiangalia mdomo wa kijito. Pua ya mtumbwi ilipoupita kidogo tu, akausimamisha mtumbwi kwa kasia.

"Mawe, hapo ulipo ni Tanzania," alisema. "Sisi tumeganduka. Kwenu hakuna aliyeganduka. Lia."

Mama mdogo alishika kingo mbili za mtumbwi. Sauti iliyotoka sikuitambua. Alimwita Daforoza kwa jina lake, akamwita tena kwa majina ambayo nadhani waliyajua wao wawili tu, akamwambia, "Nilichelewa, dada, nisamehe, walinichelewesha." Mtumbwi ulikuwa ukitikisika. Mimi nililia pia, na ninaapa kwamba nusu ya machozi yangu yalikuwa ya kumlaani mwenyekiti wa kamati.

Spesiyoza hakulia. Alikuwa ameukazia mtumbwi kasia, mishipa ya shingo imemtoka, anatazama milima ya kwao. Yeye nyuma kule alikuwa bado Burundi, na mwiko ulikuwa wake.

Mkondo ukaanza kutugeuza. Nyuma ya mtumbwi ikasogea kusini, kidogo kidogo. Nestori aliliona kutoka ufukweni akapiga kelele, kwa Kiswahili, nadhani ili hata sisi tusikie: "Dada! Piga kasia! Unavuka!"

Spesiyoza akalitoa kasia majini, akalilaza miguuni kwangu, akajifunika kitenge usoni.